Ukinunua Tochi, Anza na Betri

Jioni hii tuzungumze juu ya tochi: hii tochi ya LED ya kawaida, ya kutumia nyumbani, njiani na kazini, ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuimudu na ikamtumikia miaka.

Huenda wapo wanaoona kuwa tochi ni kitu kidogo mno kupewa muda redioni. Nawaomba wanivumilie. Huku kwetu, karibu na mstari wa Ikweta, jua likishazama giza haliko mbali. Katika kaya nyingi tochi ndiyo inayomsindikiza mtoto chooni usiku. Ndiyo anayoishika mkunga wa zamu umeme unapokatika katikati ya uzazi. Ndiyo inayomwonyesha mkulima nyoka aliyelala njiani. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Kumulika unapokanyaga ni kinga ya kwanza kabisa, nayo haihitaji daktari. Kwa hiyo tochi inayozima ghafla njiani inamwacha mtu hatarini, na aliyeiuza akijua kuwa ni mbovu amefanya jambo baya.

Nina neno moja la kukuachia leo: unapochagua tochi ya LED, usianze na ukali wa mwanga. Anza na betri, kisha tazama jinsi ilivyoungwa. Mwanga uje wa mwisho. Nitakueleza sababu.

Tochi za zamani, zile za mawe makubwa mawili au matatu, zilikuwa na globu yenye uzi mwembamba uliowaka kwa kupashwa moto. Sehemu kubwa ya umeme ilipotea kuwa joto, na tochi ikianguka vibaya, globu ilikuwa imekwenda. Ndiyo maana wazee wetu walitunza globu ya akiba. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, wakafanikiwa kupata LED ya buluu yenye mwanga wa kutosha, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Mwanga mweupe wa tochi yako unatokana na ugunduzi huo: ndani kuna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu, juu yake kumepakwa unga unaotoa manjano, na rangi hizo zikichanganyika jicho linaona weupe.

Kipande hicho, kisipopata joto la kupita kiasi, kinaweza kuwaka maelfu mengi ya saa. Tupige hesabu. Ukiwasha tochi saa tatu kila usiku, saa 10,000 zitakuchukua zaidi ya miaka tisa. Sasa jiulize: kama LED ina umri huo, mbona tochi nyingi za dukani hazimalizi hata mwaka? Jibu ni kwamba LED yenyewe haikufa. Kilichokufa ni betri, au swichi, au waya uliotiwa lehemu vibaya, au springi iliyoshika kutu. Mnunuzi anaonyeshwa mwanga, lakini kinachokuja kumwangusha ni vile vitu ambavyo hakuonyeshwa. Hapo ndipo lilipo tatizo lote.

Basi tuanze na betri, tena tuzichukue moja moja.

Aina ya kwanza ni zile tochi za plastiki zenye pini za kuchomeka moja kwa moja ukutani. Zimejaa sokoni kwa sababu bei yake iko chini na mtu anaambiwa hatanunua mawe tena. Nyingi kati ya hizo ndani zina betri ndogo ya risasi na asidi, ya volti 4. Betri ya namna hiyo haivumilii kuachwa tupu. Ukiitumia mpaka ikazima, kisha ukaisahau kabatini kwa wiki kadhaa, sahani zake hufunikwa na tabaka gumu, na ukija kuichaji haipokei tena. Familia nyingi huiwasha tochi umeme ukikatika na kuisahau umeme ukirudi, na matumizi hayo ndiyo yanayoiua.

Tena kuna jambo la usalama. Tochi nyingi za aina hii hazina transfoma. Umeme wa nyumba, volti 230, unapunguzwa tu na kapasita, haujatenganishwa na sehemu za ndani. Plastiki ikipasuka, au kioo kikitoka wakati tochi iko ukutani, mtoto anaweza kugusa umeme wa nyumba. Kama unayo tayari, usiishike wala kuiwasha ikiwa imechomekwa, na iliyopasuka usiichaji tena. Kama huna, ushauri wangu ni huu: iache hapo dukani.

Aina ya pili ni tochi ndogo za chuma zenye kikapu cha plastiki cha kupangia betri tatu nyembamba, zile za AAA. Hizi huwaka vizuri sana siku ya kwanza, kisha mwanga unashuka usiku hadi usiku, kwa kuwa ndani mara nyingi hakuna sakiti ya kuusimamia. Kikapu chenyewe kina vijichuma vingi vya kugusana, na kila mguso ni mahali pa kulegea au kushika kutu. Moja kati ya hizo betri tatu ikichoka kabla ya wenzake, zile nyingine huisukuma kinyume, nayo inavuja. Wengi wamefungua tochi kama hii na kukuta unga mweupe umekula springi. Kwa matumizi ya mara moja moja inafaa, ila kwa kila usiku itakuchosha.

Aina ya tatu ni tochi ya betri moja au mbili za AA, zile za kawaida za rimoti na saa ya ukutani. Hii naipenda kwa watu wengi, hasa walio mbali na umeme, kwa sababu AA inapatikana karibu kila duka la mtaani. Lakini hapa lazima ujue kusoma betri. Chukua betri mkononi utafute herufi ndogo ubavuni. Ukiona R6, hiyo ni ya zinki na kaboni, ndiyo ya bei ya chini kabisa. Nishati yake ni kidogo na huvuja upesi. Ukiona LR6, hiyo ni ya alkali, hubeba nishati nyingi zaidi kwa mbali. Ukiona HR6, hiyo ni ya kuchajiwa. Mawe makubwa nayo ni hivyo hivyo: R20 ni ya kaboni, LR20 ni ya alkali. Maandishi makubwa ya kwenye betri yatakuambia ina nguvu nyingi na itadumu muda mrefu, lakini hizo herufi ndogo ndizo zinazosema imetengenezwa kwa kitu gani.

Betri za kuchajiwa za AA, zile za HR6, ni rafiki wa kweli wa mwenye kipato kidogo, mradi apate mahali pa kuzichaji. Kuanzia mwaka 2005 zilitoka aina ambazo hazipotezi chaji upesi zikikaa bure, kwa hiyo unaweza kuzichaji leo na ukazikuta na nguvu baada ya miezi. Hakikisha tochi imeandikwa kuwa inazikubali, kwa kuwa volti ya betri hizo ni 1.2 badala ya 1.5.

Aina ya nne ni betri ya lithiamu inayoitwa 18650. Namba hiyo inaeleza umbo lake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Betri moja nzuri ya aina hii hubeba nishati inayokaribia ile ya AA nne. Tochi zake nyingi sasa zinachajiwa kwa USB, kwa chaja ile ile ya simu au kwa mtambo mdogo wa sola wa nyumbani. Kwa mwenye umeme au sola, hili ndilo chaguo langu la kwanza. Ila nina masharti mawili.

Sharti la kwanza, betri iwe inatoka. Tochi ambayo betri yake imefungiwa ndani kabisa, siku betri itakapochoka utaitupa yote. Ile inayofunguka utaibadilishia betri na maisha yataendelea. Sharti la pili, betri iwe ya kweli. Kampuni bora duniani zinazotengeneza 18650 hufikia takriban mAh 3,500, yaani kipimo cha chaji inayobebwa, au kidogo zaidi ya hapo. Kwa hiyo betri iliyoandikwa 9,900, au 12,000, imeandikwa uongo. Iweke kwenye mizani: betri kamili huwa na gramu 45 hivi, na ukiikuta nyepesi sana, ujue ndani hamna kitu cha maana. Usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu, usiichaji juu ya godoro, na ikivimba au ganda lake likichanika, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Lithiamu ina nguvu nyingi, na ikikosewa huwaka moto.

Tumemaliza betri, na jinsi tochi ilivyoungwa tutaiangalia tukiingia dukani; sasa tuje kwenye namba za kwenye boksi, mahali ambapo watu wengi wanadanganywa. Mwanga unaotoka kwenye tochi hupimwa kwa lumeni. LED nzuri ya tochi hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati moja ya umeme, na zilizo bora hupita hapo kiasi. Shika kipimo hicho, kitakulinda. Ukikuta tochi ya mfukoni imeandikwa lumeni 100,000, gawanya kwa 100: utapata wati 1,000, umeme wa kuendeshea pasi. Hata ukiongeza ubora wa LED mara mbili, bado ni wati 500, na hakuna betri ya mfukoni inayoweza kutoa umeme huo, wala kiganja kinachoweza kuvumilia joto lake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Namba kubwa kupita kiasi kwenye boksi ndiyo matembezi yenyewe.

Yapo makampuni yanayopima kwa kanuni. Mwaka 2009 Marekani ilitoa kanuni ya tochi inayoitwa ANSI FL1. Ukiiona imetajwa kwenye boksi pamoja na vipimo vyake, mtengenezaji anadai kuwa amepima kwa utaratibu unaojulikana. Lakini hata hapo soma kwa makini. Muda wa kuwaka katika kanuni hiyo huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo, kwa hiyo saa nyingi zilizoandikwa zinaweza kuwa saa za mwanga hafifu. Umbali nao huhesabiwa mpaka pale mwanga unapolingana na wa mbalamwezi kamili, na mwanga kiasi hicho hautoshi kumtambua mtu uso. Punguza umbali huo angalau nusu, ndipo upate umbali utakaokufaa.

Mwanga kiasi gani unakutosha basi? Kutembea njiani usiku, lumeni 50 zinatosha kabisa. Kazi za ndani ya nyumba, kama kutafuta dawa au kumtazama mtoto aliyelala, 10 au 20 zinatosha, tena hazimwamshi aliyelala karibu. Kuangalia zizi, shamba au mwisho wa uwanja, 200 hadi 300 ni nyingi. Tochi inayotoa kiasi hicho na ina hatua mbili au tatu za mwanga, wa chini, wa kati na wa juu, imetosha kwa kazi zote za kawaida. Ile hatua ya chini ndiyo utakayoitumia zaidi, na ndiyo itakayofanya betri idumu usiku mzima umeme ukikatika. Tochi isiyo na mwanga wa chini inakulazimisha kuteketeza nishati ambayo hukuihitaji.

Umbo la mwanga nalo lina maana. Mlinzi anataka mwanga uliokusanyika uende mbali, lakini anayetembea kwa miguu anataka uliotawanyika, aone mguu wake na pembeni mwa njia kwa pamoja. Zile tochi za kuvuta kichwa mbele na nyuma zinavutia kuchezea, lakini nyingi hazizibi maji wala vumbi. Anayefanya kazi kwa mikono miwili, fundi, mkunga, mama anayepika kwa moto usiku, namshauri atafute taa ya kichwa. Mkunga na muuguzi nawaongezea jambo moja: epukeni mwanga wenye ubuluu mkali. Rangi ya damu na ya ngozi haionekani vizuri chini ya mwanga huo, na hapo kosa la rangi linaweza kuwa kosa la tiba.

Sasa tuingie dukani. Usinunue tochi bila kuijaribu, na muuzaji asione vibaya. Iwashe, kisha ipigepige kwenye kiganja. Ikipepesa, rudisha, kwa sababu kuna kitu kimelegea. Fungua mahali pa betri: mfuniko uzunguke bila kukwama, springi iwe ngumu, na pawe na duara la mpira la kuzuia maji. Ukiona alama ya IPX4, inavumilia mvua. IPX7 inamaanisha imejaribiwa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Bonyeza swichi mara nyingi, maana ndiyo sehemu inayochoka mapema. Imulike chini ya kaunta penye giza, si nje juani, uone mwanga unavyokaa. Kisha ulizia waranti, hata ya miezi michache. Muuzaji anayekubali kukuandikia risiti amekuonyesha kuwa ana imani na mali yake.

Najua kuna anayeniambia kimoyomoyo: ndugu, hayo mazuri, lakini mfuko wangu hauruhusu. Nakuelewa, na kwa ajili yako hasa ndiyo nimeshika maikrofoni hii. Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme tochi ya kwanza ni shilingi 5,000 na inakufa kila baada ya miezi minne. Kwa mwaka umetoa 15,000, na kwa miaka mitatu 45,000. Tuseme ya pili ni 20,000 na inamaliza miaka hiyo mitatu. Umeokoa 25,000. Sasa tazama mawe. Tuseme kila wiki unanunua betri mbili za kaboni kwa shilingi 1,000. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo umetoa shilingi 52,000, zaidi ya mara mbili ya bei ya tochi nzuri. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojaa si chako. Bei za kwenu zitatofautiana na mfano wangu, lakini piga hesabu hiyo hiyo kwa bei za dukani kwako, uone.

Wapo waliolichunguza jambo hili hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2010 watafiti wa mradi wa Lumina wa Marekani walichapisha taarifa kuhusu matumizi ya tochi za LED nchini Kenya, wakipiga hesabu ya gharama ya mwaka mzima ya kumiliki tochi. Katika kazi zao walionya kuwa bidhaa duni zinawafanya watu wapoteze imani na LED yenyewe, wakadhani teknolojia nzima ni mbovu, kumbe kilicho kibovu ni kile walichouziwa. Onyo hilo bado lina kazi leo.

Na dawa yake inajulikana. Kwa upande wa taa za sola, mpango wa Lighting Africa, ulioanzishwa mwaka 2007 na Benki ya Dunia pamoja na tawi lake la IFC, ulisaidia kuweka vipimo vya ubora, na leo kazi hiyo inaendelezwa na mpango wa VeraSol, ambao hutoa orodha ya taa zilizopimwa. Tochi ya mkononi inastahili ulinzi wa namna hiyo. Nawaomba wenzetu wa mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, waliangalie jambo hili kwa macho ya mwananchi. Lumeni za uongo na mAh za uongo ni wizi wa mizani, sawa na kilo ya sukari iliyopunjwa, na anayepunjwa ni yule yule asiye na cha akiba.

Lakini msikilizaji, tusikae tukiwasubiri. Mwenye duka huleta kile kinachoulizwa. Kwa hiyo safari nyingine unapoagiza tochi, uliza maswali matatu: Betri yake ni ya aina gani, na inatoka? Ina mwanga wa chini? Ikiharibika nikirudi nayo, utanipokea? Ukipata majibu mazuri kwa yote matatu, lipa kwa moyo mweupe hata kama bei imezidi kidogo. Ukikosa hata moja, mshukuru muuzaji uende duka la jirani. Wateja wa mtaa mmoja wakiuliza hivyo kwa miezi michache, shehena inayofuata itabadilika.